Mzozo wa Nyumba: Uende kwa Msuluhishi au Mahakamani?

Anayegombana na kampuni iliyomuuzia nyumba huingia ofisini kwa wakili na kisa kirefu. Nyumba ilipaswa kukamilika mwaka juzi. Kuta zimepasuka kabla rangi haijazoea jua. Uwanja wa watoto uliokuwa kwenye mchoro umeota ghorofa. Hatimiliki inaahidiwa kila mwezi na haitoki. Wakili makini humwacha aseme dakika chache, kisha anaomba mkataba na kuufungua kurasa za mwisho, kwenye kipengele cha mizozo, ambacho mnunuzi huwa hajakisoma kwa sababu alipofika hapo macho yalikuwa yamechoka na moyo ulikuwa umeshahamia nyumba mpya.

Mara nyingi kipengele hicho husema kwamba mzozo wowote unaotokana na mkataba utapelekwa kwa msuluhishi mmoja atakayekubaliwa na pande zote, na wasipokubaliana ateuliwe na mwenyekiti wa tawi la Kenya la Chartered Institute of Arbitrators. Ni mistari minne au mitano tu, lakini ndiyo inayoamua nani atakayezitazama picha zote za kuta ulizohifadhi kwenye simu. Msuluhishi huyo si mpatanishi. Mpatanishi huwasaidia mwelewane, na akishindwa mnaondoka kama mlivyokuja. Msuluhishi husikiliza ushahidi na kutoa uamuzi, unaoitwa tuzo, na tuzo hiyo inawafunga nyote.

Ukipuuza mistari hiyo, adhabu yake ni kali. Tangu kesi ya meli Lillian S, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Kenya mwaka 1989, kanuni ni moja: mahakama ikigundua haina mamlaka ya kusikiliza jambo, inaacha kazi papo hapo, hata kama mlalamishi ana haki tele. Kibaya zaidi, mahakama za Kenya zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba kesi iliyofunguliwa pasipo na mamlaka haiwezi hata kuhamishiwa panapostahili, kwa sababu kisheria ni kama haikuwahi kuwapo. Unaanza upya, na kalenda haikungojei: dai la kuvunjwa kwa mkataba lina miaka 6, dai la kurudishiwa ardhi lina miaka 12.

Kusanya karatasi zote

Mnunuzi wa nyumba kwenye mtaa wenye lango moja hatii saini karatasi moja tu. Kuna mkataba wa mauzo. Kuna hati ya ukodishaji wa muda mrefu, ile ya miaka 99 au iliyosalia kwenye ardhi yenyewe. Kuna hisa moja katika kampuni ya usimamizi wa mtaa, pamoja na katiba ya kampuni hiyo. Kuna kanuni za mtaa kuhusu mbwa, kelele na rangi ya mageti. Wengine wana mkataba wa pembeni wa ujenzi, hasa walionunua kiwanja kwanza na nyumba baadaye. Tangu Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 ianze kutumika, mitaa mingi ya ghorofa ina pia shirika la wamiliki lenye kanuni zake, na sheria hiyo inatambua kamati ya ndani ya kusikiliza mizozo ya wakazi.

Zitandaze mezani na usome kipengele cha mizozo katika kila moja. Utakuta mkataba wa mauzo unakupeleka kwa msuluhishi, hati ya ukodishaji haisemi lolote, na katiba ya kampuni ya usimamizi inataka mzungumze kwa siku 30 kwanza. Hakuna kosa la uchapaji hapo. Ziliandikwa na mawakili tofauti kwa nyakati tofauti, na kila kipengele kinatawala karatasi yake. Ukigombea kuchelewa kwa nyumba, unatazama mkataba wa mauzo. Ukigombea ada ya huduma iliyopandishwa mara mbili, mkataba wa mauzo huenda hauna la kusema, kwa sababu anayekudai ni kampuni ya usimamizi, na huyo ni mtu mwingine mbele ya sheria hata kama wakurugenzi ni walewale.

Usidhani kwamba kwa kuwa karatasi uliyotia saini haina neno usuluhishi, umepona. Sheria ya Usuluhishi ya 1995 inataka makubaliano yawe ya maandishi, lakini inakubali pia yapatikane kwenye barua au barua pepe mlizoandikiana, na inaruhusu mkataba ulioandikwa uelekeze kwenye hati nyingine yenye kipengele hicho, mradi maneno yake yanakifanya kuwa sehemu ya mkataba. Sentensi kama "mnunuzi anakubali kufungwa na masharti ya jumla ya mradi" inaweza kutosha. Basi omba hayo masharti ya jumla. Wauzaji wengi hawayatoi hadi yaombwe.

Tazama pia kitenzi. Kipengele kinachosema mzozo lazima upelekwe kwa msuluhishi na kile kinachosema unaweza kupelekwa havina nguvu sawa, na majaji huvisoma neno kwa neno. Kama kuna ngazi, yaani mazungumzo, kisha upatanishi, kisha usuluhishi, zipande kwa mpangilio wake na uweke ushahidi wa kila ngazi, hata kama ni barua pepe moja iliyokosa jibu.

Jambo moja linalowapotosha wengi: mtu huandika barua ya kuvunja mkataba, kisha anaamini kipengele cha usuluhishi kimekufa pamoja nao. Hakijafa. Sheria inakihesabu kuwa makubaliano yanayojitegemea, na msuluhishi ndiye wa kwanza kuamua kama ana mamlaka. Ukitaka kumpinga, sema kabla au wakati wa kuwasilisha utetezi wako, si baadaye. Akiamua hilo kama swali la awali na hukuridhika, una siku 30 za kwenda Mahakama Kuu.

Nani hakutia saini?

Usuluhishi unawafunga waliokubaliana. Hapa ndipo mizozo ya mitaa inapotatiza, maana mtaa umejaa watu ambao hawakuandikiana chochote. Wewe na jirani yako kila mmoja ana mkataba na muuzaji, lakini hamna mkataba baina yenu. Akijenga ukuta ndani ya mpaka wako, kipengele cha mkataba wako wa mauzo hakimgusi. Nenda mahakamani.

Hivyo hivyo kwa hatimiliki mbili juu ya kiwanja kimoja. Msuluhishi anaweza kuamua kati yako na muuzaji kama mkataba ulivunjwa na fidia ni kiasi gani. Mtu wa tatu anayeshika hatimiliki nyingine hakumwajiri msuluhishi huyo, wala Msajili wa Ardhi hakumwajiri. Kurekebisha au kufuta usajili kwa sababu ya ulaghai au makosa ni kazi ambayo Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 imeiweka mikononi mwa mahakama. Nimeona watu wakitumia fedha nyingi kwa msuluhishi ili wapate tuzo dhidi ya muuzaji, huku anayelala ndani ya nyumba akiwa mtu mwingine kabisa. Uliza mwanzoni: uamuzi ninaoutaka unamgusa nani, na je, huyo alitia saini?

Mpangaji naye yumo humu. Baraza la kudhibiti kodi za nyumba za kuishi linahusika na nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichoachwa nyuma na miaka, kwa hiyo nyumba za mitaa hii haziingii. Baraza la kodi za biashara ni la maduka na ofisi. Mpangaji wa nyumba ya kuishi hubaki na mahakama ya hakimu au ya ardhi, isipokuwa mkataba wake wa upangaji una kipengele chake.

Na ghorofa linaloinuka pale palipoahidiwa uwanja? Hilo mara nyingi si la mkataba peke yake. Kama kilio ni idhini ya kaunti ya kubadilisha matumizi ya ardhi, kuna kamati ya uhusiano ya upangaji ya kaunti chini ya sheria ya upangaji ya 2019, na rufaa huko ina siku 14. Kama kilio ni leseni ya mazingira, kuna Baraza la Kitaifa la Mazingira, na muda ni siku 60. Vyama vya wakazi hupoteza mizozo hii si kwa kukosa hoja bali kwa kukaa vikao vya WhatsApp mpaka siku hizo ziishe.

Mahakama ipi?

Tuseme umejiridhisha kwamba jambo lako ni la mahakama. Bado hujafika. Katiba ya 2010 iliagiza kuundwa kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi yenye hadhi sawa na Mahakama Kuu, kisha ikaikataza Mahakama Kuu kugusa kazi ya mwenzake. Mahakama ya Juu ilikazia mwaka 2017 kwamba usawa wa hadhi haumaanishi usawa wa mamlaka. Umiliki, mipaka, matumizi ya ardhi na kuhamisha hatimiliki ni vya Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Ugumu uko kwenye nyumba inayonunuliwa ikiwa bado mchoro. Je, ulinunua ardhi, au uliajiri mtu akujengee? Katika kesi ya Redhill Heights ya mwaka 2016, Mahakama Kuu ilitumia kipimo cha lengo kuu la mkataba: kama kilichotawala ni uuzaji wa ardhi, jambo ni la mahakama ya ardhi, kama kilichotawala ni ujenzi au huduma, ni la Mahakama Kuu. Soma mkataba wako kwa jicho hilo. Bei imegawanywa vipi? Malipo yanafuata hatua za ujenzi au tarehe ya kuhamisha hatimiliki? Malalamiko yako ni saruji au ni hati? Namna wakili atakavyoiandika hati ya madai inaweza kuamua hoja hii, kwa hiyo mwambie akueleze kabla ya kuwasilisha.

Ukigombana na benki iliyokukopesha kuhusu riba na hesabu za mkopo, ardhi ni dhamana tu. Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo mwaka 2017 katika kesi iliyoihusu Co-operative Bank, na mizozo ya aina hiyo huenda Mahakama Kuu.

Kisha kuna swali la mahali na thamani. Kesi ya mali isiyohamishika hufunguliwa ilipo mali. Nyumba iko Kitengela, basi tazama Kajiado. Iko Syokimau, tazama Machakos. Usikimbilie mahakama za Milimani kwa sababu ofisi yako iko mjini Nairobi. Hakimu mkuu husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 20, na si kila hakimu ana idhini ya mambo ya ardhi. Mahakama ya Madai Madogo, yenye kikomo cha shilingi milioni 1 na inayotakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, ni mahali pazuri pa kudai ada ya huduma au kurudishiwa amana ndogo, lakini sheria yake inaikataza kugusa ubishi wa hatimiliki au wa nani anayeikalia ardhi.

Ukishapokea wito

Sasa geuza meza. Kampuni ya usimamizi imekushtaki mahakamani, ilhali karatasi mlizoandikiana zina kipengele cha usuluhishi na unaona msuluhishi atakufaa zaidi. Una nafasi moja nyembamba. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Usuluhishi kinataka uombe kesi isimamishwe si baada ya wakati unapofika rasmi kwenye kesi au unapolikubali dai kwa namna nyingine. Watu huleta wakili, wakili anawasilisha karatasi ya kufika, wiki mbili baadaye anaweka utetezi wa kurasa 12, na mwezi wa tatu ndipo anakumbuka kipengele. Amechelewa. Mahakama itaendelea na kesi kana kwamba hakikuandikwa.

Ukiomba kwa wakati, mahakama inapaswa kuwapeleka kwa msuluhishi, isipokuwa ikiona makubaliano ni batili au hayatekelezeki, au kwamba kwa kweli hakuna mzozo kati yenu kuhusu jambo lenyewe. Hili la mwisho lina faida kwa mnunuzi. Kama muuzaji alikuandikia, "Tunakubali tunadaiwa milioni 4, tuvumilie hadi Juni," amekiri. Hifadhi barua pepe hiyo pahali salama, kwa sababu unaweza kuiambia mahakama kwamba hapana cha kusuluhishwa ila kulipwa.

Nyumba inauzwa kesho

Hofu kubwa ya mnunuzi mwenye kipengele cha usuluhishi ni kwamba wakati msuluhishi anatafutwa, nyumba itauzwa kwa mwingine. Hapa usilale. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Usuluhishi kinakuruhusu kwenda Mahakama Kuu, kabla ya usuluhishi au ukiendelea, kuomba amri ya kulinda mali, na kuomba hivyo hakuhesabiwi kuwa umeukana usuluhishi. Mwaka 2010, katika kesi kati ya Safaricom na Ocean View Beach Hotel, Mahakama ya Rufaa ilieleza kinachotazamwa: kuna makubaliano ya usuluhishi, mali inayogombewa iko hatarini, amri inayoombwa inafaa, na itadumu kwa muda gani ili msuluhishi apate nafasi ya kuamua. Usiipakie mahakama kisa chote. Jaji hatakiwi kuamua nani mkosaji. Mpelekee hatari: tangazo la kuuza, barua ya kuvunja mkataba, picha ya mtu mwingine akihamia.

Sambamba na hilo, uliza ofisi ya ardhi kuhusu kusajili zuio juu ya hatimiliki kama mwenye maslahi ya mnunuzi. Ni hatua ya gharama ndogo kuliko kesi, na humfanya mnunuzi wa pili asite akitafuta usajili. Haiponyi ugonjwa, ila inanunua siku.

Gharama, na nguvu ya wengi

Nasema waziwazi: sina chuki na usuluhishi. Mzozo wa nyufa na saruji mbele ya msuluhishi aliye mhandisi au mpima gharama unaweza kwisha vizuri kuliko mbele ya jaji mwenye rundo la faili. Vikao ni vya faragha, hupangwa kwa nafasi zenu, na Mkenya aliye Doha au Minneapolis anaweza kutoa ushahidi kwa video bila kukata tiketi. Lakini jaji hulipwa na serikali, na msuluhishi hulipwa na ninyi. Huomba amana mapema, na sheria inamruhusu kuizuia tuzo mpaka ada yake ilipwe yote. Kipengele kinachotaka wasuluhishi watatu kwenye nyumba ya bei ya kati ni mzigo. Kama hakitaji idadi, sheria inahesabu mmoja.

Kinachoniudhi zaidi ni kile kipengele kinachowagawa wanunuzi. Wanunuzi 60 wenye malalamiko yaleyale wanaweza kufungua kesi moja ya uwakilishi mahakamani. Kila mmoja akiwa na kipengele chake cha usuluhishi, muuzaji anaweza kudai apambane nao mmojammoja, akijua wengi watakata tamaa. Dawa ipo: mwandikieni kwa pamoja mkipendekeza msuluhishi mmoja na ushahidi mmoja. Akikataa, mwekeni kwenye rekodi kwamba alikataa. Na kama mnatumia chama cha wakazi, hakikisheni kina uwezo wa kisheria wa kushtaki. Kikundi kisichosajiliwa hakishtaki kwa jina lake.

Tuzo ikitoka

Tuzo ni ya mwisho, na rufaa yake ni finyu. Asiyeridhika ana miezi 3 tangu aipokee kuomba Mahakama Kuu iitupe, kwa sababu chache kama kutopewa taarifa, msuluhishi kuvuka mipaka ya alichopewa, ulaghai au rushwa, au tuzo kwenda kinyume na sera ya umma. Kwamba msuluhishi alikosea kupima ushahidi si sababu. Mwaka 2019, katika kesi ya Nyutu Agrovet na Airtel, Mahakama ya Juu ilikubali rufaa zaidi katika mazingira ya kipekee tu.

Usidanganywe, hata hivyo, kwamba usuluhishi daima ni wa haraka. Mgogoro wa Synergy na Cape Holdings, uliohusu mauzo ya jengo la ofisi Riverside, Nairobi, ulipata tuzo mwaka 2015, na bado mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilikuwa inaurudisha Mahakama ya Rufaa.

Aliyeshinda naye hana fedha bado. Lazima aombe Mahakama Kuu iitambue tuzo, akiwasilisha tuzo yenyewe na makubaliano ya usuluhishi, ndipo akamate mali. Kwa mizozo ya ardhi, mawakili wamebishana kama ombi hilo liende Mahakama Kuu inayotajwa na sheria au Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mwulize wakili wako ameamua vipi na kwa uamuzi gani wa mahakama kabla hajalipia faili. Na kama kampuni imewekwa chini ya msimamizi kwa kushindwa kulipa madeni, Sheria ya Ufilisi ya 2015 inasimamisha mashauri dhidi yake mpaka msimamizi akubali au mahakama iruhusu. Fuatilia hilo mapema kwenye Gazeti Rasmi.

Kama hujatia saini bado

Basi uko mahali pazuri kuliko wote waliotajwa hapa. Mwandikie wakili wa muuzaji uombe mabadiliko haya: msuluhishi awe mmoja, ateuliwe na taasisi isiyo na uhusiano na muuzaji ndani ya siku maalumu, kikao kifanyike katika kaunti ilipo nyumba, madai ya fedha yasiyozidi milioni 1 yaende Mahakama ya Madai Madogo, wanunuzi wa mradi mmoja waruhusiwe kuunganisha mashauri yao, na haki ya kuomba amri ya kulinda mali mahakamani itajwe wazi. Muuzaji mwenye nia njema hukubali angalau mawili au matatu. Akikataa yote kwa kusema mkataba ni uleule kwa wanunuzi wote, upeleke kwa wakili wako mwenyewe, si yule aliyependekezwa na kampuni, na usilipe amana kabla hajakujibu kwa maandishi.